Bima ya afya: unachopata kinalingana na unacholipa? Tupige hesabu

Mkokotozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila swali hili likiibuka watu wanagawanyika makundi mawili. La kwanza linasema mtu akilipa miaka kumi bila kulazwa, fedha yake imeliwa. La pili linasema nunua tu, afya haina bei. Wote wanakwepa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi.

Sitatumia sarafu ya nchi yoyote. Kipimo changu ni mapato ya kaya kwa mwezi mmoja: nikiandika 0.45, soma asilimia 45 ya mapato ya mwezi. Namba ni za mfano. Toa zangu, weka zako, mbinu inabaki ileile.

Kwanza tuelewane kwamba bima nyingi za afya ni bidhaa mbili zilizofungwa pamoja. Kuna fao la kulazwa, na kuna fao la matibabu ya nje, yaani kumwona daktari, vipimo na dawa, halafu unarudi nyumbani. Anayezipima kwa pamoja hapati jibu.

Matibabu ya nje, kaya ya watu wanne: kila mmoja aende kliniki mara 4 kwa mwaka, kila safari igharimu 0.03. Hiyo ni 4 × 4 × 0.03 = 0.48 kwa mwaka mzima, na inatoka kidogo kidogo. Kampuni ikikuuzia fao hili inaweka hiyo 0.48, inaongeza gharama ya kushughulikia madai 16 madogo, inaongeza kamisheni ya wakala, na inakadiria kwamba ukishakuwa na kadi utakwenda mara 5 au 6 badala ya 4. Haishangazi ada ikifika 0.70.

Kulazwa: tuseme kaya hiyo ina uwezekano wa 5% kwa mwaka kupata bili ya miezi 3 (yaani sawa na mapato ya miezi mitatu), na 1% kupata bili ya miezi 15 (upasuaji mkubwa wenye siku za wodi ya mahututi, saratani, ajali mbaya). Wastani ni 0.05 × 3 = 0.15, na 0.01 × 15 = 0.15. Jumla 0.30. Kampuni inauza kwa 0.45.

Sasa angalieni kitu ambacho wengi hawakioni. 0.70 kwa 0.48, na 0.45 kwa 0.30, zote ni karibu mara moja na nusu. Kwa wastani mnunuzi anapoteza uwiano uleule kwenye mafao yote mawili. Tofauti haiko kwenye bei, iko kwenye kinachompata asiyenunua. Aliyeacha matibabu ya nje, mwezi wake mbaya kabisa unamtoa 0.10 au 0.15. Aliyeacha kulazwa, ndani ya miaka 20 ana uwezekano wa 64% kukutana na bili ya miezi 3 angalau mara moja, na 18% kukutana na ile ya miezi 15. Bili ya miezi 15 haitoki kwenye mshahara. Inatoka kwenye kiwanja, kwenye karo, kwenye mkopo wa riba, au haitoki kabisa na matibabu yanakatishwa.

"Si ningeweka akiba?" Weka hiyo 0.45 kila mwaka: kufikisha miezi 15 kunachukua miaka 33. Ugonjwa ukija mwisho wa mwaka wa tatu, mfuko una 1.35.

Msimamo wangu: fao la kulazwa linunuliwe, tena lenye ukomo mkubwa (kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa). Fao la matibabu ya nje lipigiwe hesabu kwanza, na kwa kaya nyingi zenye afya ya kawaida halilipi.

---

Pingamizi

Mkuu, hesabu yako ni safi ila imedhania kampuni italipa bili yote. Haifanyi hivyo. Chukua mkataba unaoishia kulipa 70% ya bili kubwa kwa sababu ya vikomo vya ndani na vitu visivyolipiwa. Wastani wako wa 0.30 unashuka hadi 0.21, ilhali ada inabaki 0.45. Sasa unalipa zaidi ya mara mbili ya thamani. Na kwenye ile bili ya miezi 15 bado unadaiwa miezi 4.5, kwa hiyo kiwanja kinauzwa vilevile.

Halafu kuna jambo la pili. Watu wananunua bima wakiamini wananunua afya. Nionyesheni ushahidi kwamba kadi inashusha presha ya mtu.

---

Kitabu Wazi

Pingamizi, swali lako la pili limeshapimwa, na kwa njia bora kuliko kulinganisha wenye bima na wasio nayo (hao hutofautiana kwa kipato, elimu na mambo chungu nzima).

Mwaka 2008 jimbo la Oregon, Marekani, lilikuwa na nafasi chache za bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini, kuliko waombaji. Likapiga bahati nasibu. Watafiti wakawafuatilia walioshinda na walioshindwa. Baada ya takriban miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa 2013 hayakuonyesha tofauti ya kuaminika kwenye presha, lehemu wala sukari ya wastani kwenye damu. Hapo una haki. Lakini sonona (ugonjwa wa huzuni) ilipungua wazi, watu waliotambuliwa kuwa na kisukari na kuanzishiwa dawa waliongezeka, na matumizi ya kufilisi kwa ajili ya matibabu karibu yalitoweka. Yaani bima ilifanya vizuri kile ambacho kila bima imeundwa kufanya, kulinda mfuko.

Jaribio la zamani zaidi ni la RAND, Marekani, 1974 hadi 1982. Familia zilipangiwa kwa kura mipango tofauti, wengine matibabu bure, wengine wakichangia hadi 95% ya bili mpaka wafike kikomo cha mwaka. Waliochangia sana walitumia huduma pungufu kwa karibu 30%. Kwa mtu wa wastani afya haikuathirika. Kwa maskini wenye presha iliathirika: presha yao ilidhibitiwa vibaya zaidi kuliko ya wenzao waliotibiwa bure. Na jambo la kuzingatia ni kwamba watu walipojibana hawakupunguza huduma zisizo na maana tu. Walipunguza zote, za maana na zisizo na maana, kwa kiasi kinachokaribiana.

Kwa hiyo ushauri wa Mkokotozi wa kuacha matibabu ya nje una masharti. Unamfaa mtu ambaye atakwenda kliniki hata akijilipia. Anayejulikana kuahirisha hadi hali iwe mbaya, huyo ada ya 0.70 inamnunulia nidhamu asiyokuwa nayo.

---

Dawati la Madai

Nichangie upande wa madai, maana hapo ndipo 0.30 ya Mkokotozi inapogeuka kuwa 0.21 ya Pingamizi. Hitilafu karibu zote zinaonekana kabla ya kusaini, kwa anayejua pa kutazama.

*Ukomo ndani ya ukomo.* Jedwali la mafao linaanza na ukomo wa mwaka kwa herufi nene. Hiyo ni namba ya tangazo. Namba za kazi ziko chini yake: saratani, usafishaji wa figo, uzazi, wodi ya mahututi kwa siku, vifaa vinavyowekwa mwilini kama vyuma vya mifupa na betri ya moyo. Mkataba wenye ukomo wa miezi 20 na kikomo cha saratani cha miezi 3, kwa mgonjwa wa saratani ni mkataba wa miezi 3. Soma jedwali ukianzia chini. Uliza pia kama ukomo ni wa kila mtu au wa familia nzima. Ajali moja ya gari yenye majeruhi watatu inaweza kuumaliza ule wa familia ndani ya wiki.

*Chumba.* Hili linawaumiza watu kuliko yote na halisemwi. Baadhi ya mikataba inaweka bei ya juu ya kitanda kwa siku, na ukiipita haikati tofauti ya kitanda tu, inapunguza na gharama nyingine kwa uwiano huohuo. Mfano, kwa fedha yoyote ile: unaruhusiwa chumba cha 100 kwa siku, umelazwa cha 200, siku 5. Chumba ni 1,000, huduma nyingine (daktari mpasuaji, ukumbi wa upasuaji, uuguzi) ni 8,000. Familia inadhani itaongeza 500. Kampuni inalipa 500 ya chumba na 4,000 ya huduma, kwa hoja kwamba hospitali hupandisha bei zote kulingana na daraja la chumba. Unabaki na 4,500 mkononi, kwa sababu ya pazia na runinga. Siku ya kulazwa swali la kwanza liwe: daraja langu la chumba ni lipi, na kama limejaa, nani ataandika kwamba nimehamishwa kwa kukosa nafasi?

*Vipindi vya kusubiri.* Ajali kwa kawaida inalipiwa tangu siku ya kwanza. Magonjwa ya kawaida mara nyingi siku 30. Uzazi miezi 9 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Upasuaji unaoweza kungoja, kama ngiri, mtoto wa jicho, mawe ya nyongo, uvimbe wa kizazi, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima ni mwaka mmoja na kuendelea, au haulipiwi kabisa. Anayenunua bima baada ya kuona mistari miwili kwenye kipimo cha ujauzito amechelewa.

*Kibali cha awali.* Upasuaji wa kupangwa, picha za CT na MRI, na dawa za saratani huhitaji kibali kabla. Dharura haihitaji, lakini kampuni hutaka taarifa ndani ya saa 24 au 48. Kibali kina namba, kiasi na idadi ya siku. Kibali cha siku 3 hakilipi siku ya 4. Ndugu wa mgonjwa aende ofisi ya bima ya hospitali siku ya pili asubuhi kuuliza kama nyongeza imeombwa, asisubiri siku ya kuruhusiwa.

*Msimbo wa ugonjwa.* Dai linasomwa na mfumo kabla ya kusomwa na mtu, na mfumo unasoma misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa inayolipa kila ugonjwa alama yake. I10 ni presha ya kupanda, E11 kisukari aina ya pili, R51 maumivu ya kichwa. Z00 ni uchunguzi wa mtu asiye na malalamiko. Mgonjwa kaja na kichwa kinachomuuma wiki nzima, kliniki kwa haraka ikaandika Z00: dai linarudi, "uchunguzi wa jumla hauko kwenye fao". Kukata rufaa hapa ni rahisi. Unaomba maelezo ya kukataliwa kwa maandishi, unampelekea daktari, analinganisha na alichoandika kwenye faili, anarekebisha msimbo, dai linapelekwa upya. Kumwomba daktari abuni ugonjwa ili ulipwe ni habari nyingine, huo ni udanganyifu na mkataba unaweza kufutwa.

Kwa anayelipa mwenyewe kwanza na kudai baadaye: usitoke hospitalini bila bili iliyochanganuliwa kipengele kwa kipengele (jumla peke yake hairuhusiwi), risiti, muhtasari wa kuruhusiwa, majibu ya vipimo, cheti cha dawa chenye jina na muhuri wa daktari. Majina yafanane na ya kwenye kadi herufi kwa herufi. Muda wa kuwasilisha mara nyingi ni siku 30 hadi 90. Piga picha kila karatasi kabla hujaikabidhi.

---

Kapu Tupu

Shukrani wadau. Mimi nauliza kwa niaba ya wasio na mwajiri. Mtu anayejiajiri, ana sukari na presha tayari, ananunua nini? Wakala wengi wakisikia sukari wanaongeza bei au wanazima simu.

---

Dalali Mstaafu

Ndugu Kapu Tupu, tuanze na kwa nini wakala wanazima simu.

Bima ya mtu binafsi hununuliwa zaidi na anayejua ataitumia. Kampuni inapandisha ada kufidia, wenye afya wanaona ghali wanatoka, wanaobaki ni wagonjwa zaidi, ada inapanda tena. Mfano unaojulikana ni wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1995 kiliacha kuchangia zaidi kwa wafanyakazi waliochagua mpango mnono (wenye mafao mengi na ada kubwa), kikawapa wote mchango sawa. Vijana wakaukimbia mpango mnono, ada yake ikaruka, na ndani ya miaka michache ukafungwa. Vipindi vya kusubiri na maswali ya fomu vinatokana na woga huohuo. Nchi zinazotaka kampuni zimpokee kila mtu, kama Uswisi tangu 1996 kwa bima ya msingi, zimelazimika kuifanya bima hiyo kuwa ya lazima kwa wote.

Kwa hiyo mwenye ugonjwa tayari atafute kundi. Mpango wa umma kwanza, kama upo na unampokea. Kisha kundi halali lililoundwa kwa sababu nyingine kabla ya bima: chama cha ushirika, chama cha taaluma, chama cha akiba na mikopo. Kampuni huwa laini kwa kundi kwa sababu halikukusanyika kwa ajili ya ugonjwa, na kundi likiwa kubwa mara nyingi maswali ya afya ya mtu mmoja mmoja yanaondolewa. Wasioaminika ni "makundi" yanayoundwa na wakala wiki hiyohiyo ili kupata bei. Kampuni ikigundua, wote mnarudi sifuri.

Usifiche sukari. Wajibu wa kutaja hali yako ni wa zamani, Jaji Mansfield wa Uingereza aliuweka wazi mwaka 1766. Sheria ya Uingereza ya 2012 imempunguzia mnunuzi wa kawaida, ajibu tu maswali aliyoulizwa kwa uangalifu wa kutosha, lakini sehemu nyingine bado unatakiwa kusema hata usichoulizwa. Kitakachokuumiza ni hiki: wakala anajaza fomu kwa niaba yako na kuweka "hapana" kila mahali ili apate kamisheni. Saini ni yako. Miaka miwili baadaye faili la kliniki linaonyesha dawa za sukari za tangu zamani, na kampuni inakataa hata bili ya figo. Jaza mwenyewe, omba nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Halafu piga hesabu ya dawa. Kama dawa zako ni 0.1 kwa mwezi, ni 1.2 kwa mwaka. Mkataba ukiwa na kikomo cha magonjwa sugu cha 0.6, unalipiwa nusu. Ikiwa kuongezwa kwa fao hilo kumepandisha ada kwa 0.8, kataa fao, chukua kulazwa peke yake, dawa jinunulie. Kinachotafutwa kwa mwenye sukari ni figo, moyo na miguu, yaani bili za kulazwa. Uliza kwa maandishi kama madhara yatokanayo na sukari yanalipiwa baada ya kipindi cha kusubiri, si sukari tu. Maneno "na matatizo yatokanayo" kwenye orodha ya visivyolipiwa yanafuta karibu kila kitu unachokiogopa.

---

Mkokotozi

Nimsaidie Pingamizi kushusha hiyo ada. Tatizo la wanunuzi wengi ni kulipia madogo. Dawa yake ni kizingiti: kiasi unachojilipia kwanza kila mwaka kabla kampuni haijaanza.

Rudini kwenye kaya yetu. Bila kizingiti, mafao yote mawili ni 0.70 + 0.45 = 1.15 kwa mwaka. Sasa weka kizingiti cha 1.0 juu ya kila kitu. Mwaka usio na kulazwa, matibabu ya nje ni 0.48, hayafiki 1.0, kampuni hailipi. Mwaka wa kulazwa kudogo inalipa 3.48 − 1 = 2.48, mara 5% ni 0.124. Mwaka wa janga inalipa 14.48, mara 1% ni 0.145. Jumla kama 0.27, na kwa uwiano uleule wa mara moja na nusu ada inakuwa 0.40. Upande wako, unajilipia wastani wa 0.51. Jumla yote ni 0.91 badala ya 1.15. Unabakiza 0.24 kila mwaka, na ndani ya miaka minne hiyo akiba inakaribia kujaza kizingiti chenyewe.

Sharti: hiyo 1.0 iwepo, mahali inapotoka siku hiyohiyo. Asiye nayo achague kizingiti cha 0.3 apandishe taratibu. Na kwa alichosema Kitabu Wazi, mwenye dawa za kila siku atenge fedha ya dawa kwanza.

Msichanganye kizingiti na asilimia ya kuchangia. Kuchangia 20% bila kikomo kwenye bili ya miezi 15 ni miezi 3. Kizingiti kina mwisho, asilimia haina, isipokuwa mkataba uandike "usiozidi". Uswisi wameunganisha vyote: mtu mzima anachagua kizingiti kati ya faranga 300 na 2,500, kisha anachangia 10%, lakini hiyo 10% haipiti faranga 700 kwa mwaka. Ukikuta mkataba wenye asilimia bila kikomo cha namna hiyo, ona kama bima yako imetobolewa.

---

Sista wa Zamu

Nyongeza fupi kutoka upande wa wodi.

Hospitali kuwa kwenye orodha ya kampuni hakumaanishi kila daktari aliye ndani yake yumo. Mtaalamu wa usingizi na mpasuaji wa nje mara nyingi hutoa bili zao peke yao. Uliza kabla ya upasuaji wa kupangwa: nani ataandika bili, ngapi, na wote wanapokea kadi hii?

Kadi ya kuazima. Watu wanaona wizi wa kampuni tu, na ni kweli familia nzima inaweza kufutiwa bima. Lakini kuna hatari mbaya zaidi. Faili la mwenye kadi linaingizwa kundi la damu, mzio na dawa za mtu mwingine. Miezi sita baadaye mwenye kadi mwenyewe analetwa hajitambui, na daktari anasoma kwamba hana mzio wa penisilini. Damu hupimwa upya kabla ya kuongezwa, mzio haupimwi.

Na muulize bei mbili: ya bima na ya taslimu. Kama bado hujamaliza kizingiti, kipimo kidogo kwa taslimu kinaweza kuwa rahisi. Ila kumbuka ukilipa taslimu nje ya mfumo, kiasi hicho hakihesabiwi kwenye kizingiti chako.

---

Pingamizi

Sawa, wakuu, ya kulazwa nakubali ina hoja. Ya matibabu ya nje tulikuwa upande mmoja tangu mwanzo. Bado sijajibiwa moja: nitajuaje kama kampuni fulani inatoza mara moja na nusu au mara tatu?

---

Dalali Mstaafu

Tafuta uwiano wa madai: katika kila 100 ya ada za bima ya afya, ngapi zimerudi kulipa matibabu. Kampuni nyingi hutoa hesabu za mwaka, na wasimamizi wa bima wa nchi nyingi huchapisha jedwali. Tazama mstari wa bima ya afya peke yake, usikubali wa kampuni nzima, maana bima za magari na moto zinauchafua. Mara moja na nusu ya Mkokotozi ni uwiano wa 67. Marekani, sheria ya 2010 inazitaka kampuni zitumie angalau 80 kwa 100 kwenye matibabu na kuboresha huduma kwa mikataba ya watu binafsi na makundi madogo, 85 kwa makundi makubwa, na zikishindwa zirudishe tofauti kwa wateja. Ukiona 45, zaidi ya nusu ya ada inaishia kwenye kamisheni, ofisi na faida. Lakini usikimbilie ya 105 pia. Kampuni inayolipa zaidi ya inachokusanya ama itapandisha ada mwakani kwa kishindo, ama itaanza kuchelewesha malipo kwa hospitali, na hospitali zitaanza kukataa kadi.

Hiyo ya mwisho ndiyo dalili ya haraka kuliko hesabu zozote. Nenda dirisha la bima la hospitali unayoitegemea, uliza kadi ipi wamesimamisha mwaka huu na ipi inachukua muda mrefu kutoa kibali. Wahudumu wa dirisha wanajua.

---

Dawati la Madai

Na anayehamia kampuni nyingine kwa sababu ya bei, aangalie umri na tarehe. Ada hupanda kwa ngazi za umri, na ngazi za baada ya 50 ni ndefu. Kuhama ukiwa na 56 ukiwa tayari na presha kunaweza kukupa ada nafuu ya mwaka mmoja na kukurudisha kwenye kusubiri upya. Kabla ya kuvunja mkataba wa zamani, pata barua ya kampuni mpya inayosema vipindi ulivyokwisha kusubiri vinatambuliwa, na kwa magonjwa yapi. Maneno ya mdomo ya wakala hayafiki kwenye mfumo.

Anayebaki palepale aanze kuhuisha mkataba siku 45 kabla haujaisha. Aombe jedwali jipya alilinganishe na la zamani mstari kwa mstari, kwa sababu mara nyingi ada inabaki ileile huku kikomo cha wodi ya mahututi kikipunguzwa. Malipo yaingie kabla ya saa sita usiku ya siku ya mwisho. Mkataba ukiisha Ijumaa na fedha ikaonekana Jumatatu, kuna kampuni zenye siku za neema (siku chache za kulipa kwa kuchelewa bila kupoteza bima) na kuna zisizo nazo. Kwa zisizo nazo hiyo ni bima mpya, fomu mpya, na siku 30 za kusubiri zinaanza kuhesabiwa.